Utukufu wa Kiyoyozi cha Kupachika

Msiba usio na msemaji ni fedheha. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, nasimama mimi niliyeishi nacho miaka kumi na moja kukisifu kiyoyozi kilichokuwa ndani ya Datsun 240Z ya marehemu mjomba wangu, kilichong'olewa mwezi uliopita chini ya mwarobaini, hapa Bagamoyo, kwa spana namba kumi na nne, nyundo, na maneno ambayo fundi aliniomba nisiyarudie mbele ya watoto wake.

Nianze na ukoo. Gari ni la mwaka 1972, injini silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili. Ndugu zake ndio walioshinda East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, enzi ambazo mashindano yale bado yalibeba jina la Afrika Mashariki yote. Sijasikia kwamba Mehta aliomba apandishiwe vioo asije akaingiwa na vumbi.

Kiyoyozi hakikuzaliwa na gari hilo. Mjomba alikipachika katikati ya miaka ya themanini, alipopewa ukurugenzi wa shirika moja la umma. Hadi siku ile alikuwa akiendesha vioo viko chini na kiwiko kiko nje, anawasalimia watu kuanzia Mwenge hadi Kaole. Akaambiwa na wenzake kwamba mkurugenzi hatoi kiwiko dirishani. Basi kikatafutwa kiyoyozi, kikanyofolewa kwenye gari la ubalozi lililokuwa limepata ajali, kikafungwa kwenye Datsun kama vile mtu anavyomshonea swala nundu ya ng'ombe.

Sifa zake ndogo nitazipitia haraka, maana jua linapanda. Kiliwapunguza watu wa kuomba lifti. Kilinifundisha kusukuma gari, jambo lenye faida kwa moyo. Kilikuwa mkarimu kwa mbingu: kila mwaka nilikijazia gesi, na kila mwaka kiliitoa sadaka yote angani bila kubakiza. Gesi yake ya asili ilikuwa R12, ile ambayo dunia ilikubaliana mwaka 1987 kule Montreal kuanza kuachana nayo kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Nikitazama juu mchana wa Februari huwa najua pale pana mchango wa familia yetu.

Lakini sifa kuu, sifa ambayo ingetosha kukijengea mnara, ni kwamba kilikuwa mradi wa maji.

Msicheke. Kijana Willis Carrier, alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, hakuwa anawatafutia watu baridi. Karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi zinapishana, naye akatakiwa aukamate unyevu ule. Akapitisha hewa kwenye mirija baridi, unyevu ukageuka matone, kama yale yanayochuruzika nje ya glasi ya juisi ya ukwaju. Ubaridi tunaougombea leo ulikuja kama mgeni aliyefuatana na mwalikwa. Kwa asili na kwa ukoo, kiyoyozi ni kisima.

Changu kilikumbuka asili yake kuliko vyote nilivyowahi kuona. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiki kililitia maji zulia hata kabla sijakisifu. Mpira wa kutolea maji ulipaswa kutokea chini ya gari. Aliyekifunga aliuelekeza kwenye miguu ya abiria, na mke wangu akawa na ndala maalumu alizoziita ndala za garini. Siku moja nikauingiza mpira ule kwenye chupa, nikaondoka Mwenge asubuhi, nikafika Bagamoyo na nusu lita kamili. Kwenda na kurudi, lita moja. Sasa pigeni hesabu. Mtambo wa Ruvu Chini, hapo jirani yetu, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Kumbe tunahitaji Datsun milioni 270 tu, kila moja iende Dar na kurudi mara moja kwa siku, kila abiria ashike chupa. Hakuna kuchimba mtaro, hakuna kulaza bomba. Foleni ya Tegeta tayari ipo, miundombinu imekamilika. Nilikuwa naandaa andiko la mradi, lenye kamati ya maji ya kiti cha mbele na mhasibu wa chupa, sakafu ilipooza kwa kutu hadi tukaiona lami ya Kerege ikipita chini ya ndala.

Niseme ukweli pia, kwa kuwa msemaji wa msiba huapa, kwamba matokeo hayo ya nusu lita niliyapata mwezi Julai, upepo wa kusi ukivuma na mtu yeyote mwenye akili akiwa amevaa sweta alfajiri. Julai kilifanya kazi vizuri mno. Kaskazi ikiingia, mambo mengine. Kondensa yake ilikaa mbele ya rejeta, ikaiziba pumzi. Kompresa ikaning'inia ubavuni mwa injini, ikijivutia nguvu kwa mkanda wake. Kadiri nje kulivyokuwa na joto ndivyo injini ilivyopanda joto, na kadiri injini ilivyopanda ndivyo nilivyolazimika kuzima kiyoyozi. Zaidi ya hapo, fundi alinifundisha dawa ya gari linalotaka kuchemsha: fungua hita, ile ya kupasha miguu, ili ipunguze joto la injini. Kwa hiyo mchana wa Februari, kwenye foleni ya Tegeta, mimi ndiye niliyekuwa na kiyoyozi, na mimi ndiye niliyekuwa napuliziwa moto magotini. Wenye bajaji walikuwa wananionea huruma.

Wala hili si jipya. Kampuni ya Packard ilipoingiza kiyoyozi kwenye gari mwishoni mwa mwaka 1939, ukitaka kukizima ilikubidi usimame, ufungue boneti, utoe mkanda kwa mkono. Angalau wao walikuwa wa kwanza. Huyu aliyekifunga chetu karibu miaka hamsini baadaye alikuwa na udhuru gani wa kutoboa dashibodi? Dashibodi nzima, haina hata ufa, akaikata tundu nne kwa msumari uliopashwa moto, na tundu ya pili akaikosea akaiacha wazi akakata ya tatu! Waya akaunganisha bila fyuzi. Hakupima. Mtu ana futi ya kamba mfukoni, hakupima!

Samahani. Nilikuwa kwenye mradi wa maji.

Siku ya mwisho ya uhai wake ilikuwa ya mwezi wa pili. Gari lilichemsha kabla sijafika mjini, kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nikashuka na dumu tupu kuomba maji. Nikakuta turubai, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, ngoma inapigwa. Bomba la maji linazinduliwa. Nikajiambia, heri yangu.

"Mama, naomba maji kidogo ya rejeta."

"Subiri, baba," akasema mama mmoja aliyekuwa kwenye mstari wa ndoo. "Halijafunguliwa."

Tukasubiri. Mashangingi matatu yalikuwa chini ya mwembe, vioo juu, injini zinaunguruma. Madereva walikuwa ndani wamelala, maana mgeni rasmi akirudi lazima akute gari limepoa. Hotuba zikaenda saa moja na nusu, na muda wote huo injini tatu za dizeli zilitunza baridi ya viti vitupu. Chini ya kila shangingi palikuwa na kidimbwi. Maji safi kabisa, yanadondoka tone baada ya tone, na kuku wa kijiji walikuwa wamejipanga wanakunywa.

Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua koki. Bomba likakohoa, likatema kutu kidogo, likanyamaza. Tukapiga makofi. Akasema wataalamu watalishughulikia, akapanda garini, mlango ukafungwa kwa ule mlio mzito wa mpira, na kioo ambacho hakikuwa kimeteremshwa hata kidogo hakikuteremshwa. Sikuweza kujua kama alitupungia mkono, kilikuwa cheusi.

Mama yule akaniuzia dumu la maji ya kisima, shilingi mia tano.

Nilikaa juu ya boneti nikingoja injini ipoe, nikamfikiria mjomba. Nilimpenda sana. Lakini baada ya kiyoyozi kile hakuna mtu wa Kaole aliyemkumbuka akisalimia tena, na yeye mwenyewe alilalamika hadi kufa kwamba watu wa pwani wamekuwa na kiburi siku hizi. Waliotujengea nyumba za Mji Mkongwe hapa, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walikuwa na joto hilihili. Wakaweka kuta nene, na nje baraza, mwenye nyumba akae aone nani anapita.

Jumatatu nikampelekea fundi gari. Alifungua nati ya kwanza akasema, "Mzee, hii eisii ndiyo iliyokuwa inakuchosha." Kompresa, kondensa, mipira, lile sanduku la chini ya dashibodi na makorokoro yake tukayapeleka kwenye mizani ya soko la samaki: kilo thelathini na sita. Sindano ya joto sasa haivuki nusu, hata Tegeta. Ninaendesha vioo viko chini. Si raha tupu, maana 240Z ikifunguliwa vioo hunyonya moshi wake yenyewe kupitia mlango wa nyuma, na nikifika Bunju kichwa huwa kinaniuma kidogo. Tundu za dashibodi zipo. Ile ya pili bado inanikera.

Mabaki yapo kwangu uani, ndani ya gunia. Anayeyataka aje ayachukue bure, pamoja na mpira wake wa maji. Jumapili iliyopita nilipita kijiji kile kiwiko kikiwa nje: bomba ni kavu, na kipande cha utepe bado kimefungwa kwenye koki.