Heri Rula Kuliko Jasho

Hongera kwa wataalamu wa vidole! Tangu John Manning wa Uingereza na wenzake waanze kuuvalia njuga uwiano wa kidole cha shahada na cha pete miaka ya 1990, siri ya nguvu za binadamu imehamia kiganjani. Cha pete kikikipita cha shahada, inasemekana, basi homoni za kiume zilikukolea tangu tumboni mwa mama. Sasa wanyanyua vyuma wenye ulemavu nao wanapimwa vidole. Maendeleo hayo!

Tazama usumbufu wa kale wa kupima nguvu zao. Mtu alale chali kwenye benchi, afungwe mikanda miguuni, ashushe chuma hadi kifuani, akitulize, kisha akisukume mpaka viwiko vinyooke, waamuzi 3 wakimkodolea macho. Marehemu Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 kwenye Michezo ya Paralimpiki mjini Rio mwaka 2016, ilhali picha ya kiganja ingetosha kumpa dhahabu.

Faida ni tele. Rula haisumbuliwi na ngazi za ukumbini, haihitaji basi lenye mlango mpana, haidai posho wala haiulizi benchi la mazoezi litafika lini. Mnajimu hutaka nyota, mpiga ramli hutaka kuku. Sayansi hii imeridhika na milimita.

Na mwanamichezo aliyekatwa kidole cha pete na mashine ya kiwandani asinung'unike. Nguvu zake zitatambuliwa rasmi mara tu kidole kitakapopatikana.