Kunguru na Kasa Waihesabu Kilifi

(Ufuoni Watamu, magharibi. Kunguru yuko juu ya mnazi. Kasa ndiyo kwanza atoke majini.)

KUNGURU: Shikamoo, Bibi. Umeichungulia nambari ya kaunti yetu? Sensa ya usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019 ilipata watu 1,453,787. Jumlisha tarakimu hizo moja moja: 35. Na Kilifi ina wadi ngapi? 35! Hilo limeandikwa, Bibi.

KASA: Marahaba, mjukuu wangu. Limeandikwa kwa vidole vingapi? Binadamu anahesabu kwa makumi kwa sababu mikono yake ina vidole 10. Wewe unavyo 8, vinne kila mguu. Ukihesabu kwa vyako, watu wale wale utawaandika 5427333, na tarakimu zake zina jumla ya 27. Wadi 8 zimepotea, na hakuna aliyehama hata kutoka Mtwapa kwenda Mariakani.

KUNGURU: Haya, vidole tuviache. Kugawanyika hakujali vidole. Nambari hii ni 43 mara 33,809, na zote mbili ni nambari tasa. Hilo nalo utalipinga?

KASA: Silipingi. Ni kweli, na litabaki kweli hata ukihesabu kwa magamba yangu (ingawa sisi tunaofukia mayai mia kwa mpigo hatuoni cha kusifia katika utasa). Ila ni kweli ya nambari, si ya Kilifi. Tuseme kule Ganze mtoto mmoja aliwahi kuzaliwa kabla ya saa sita ya usiku ule badala ya baada yake. Tunakuwa na 1,453,788. Hapo 43 yako na 33,809 yako zimekwenda na maji. Lakini nambari mpya inagawanyika kwa 7 bila baki, mafungu ya 207,684. Na maeneo bunge yetu ni mangapi? 7. Ungekuwa juu ya mnazi huo huo ukiapa kwamba Mola ametugawa sawasawa! Sifa inayovunjwa na kichanga kimoja haiwezi kuwa sifa ya watu karibu milioni moja na nusu, maana karani wa sensa, awe makini namna gani, hakosi kumpita mtu mmoja huko vichakani Magarini.

KUNGURU: Basi hesabu yote ni upuuzi. Tufunge madaftari.

KASA: Nani kasema? Mwaka 2009 walikuwa 1,109,735. Toa: wameongezeka 344,052. Kosea mtoto, kosea mzee, kosea hata watu 1,000, bado kila 100 wa zamani wameongezewa kama 31. Hao wanataka maji na madarasa, na hawajali kama ni tasa.

KUNGURU: Ukidharau mmoja mmoja hivyo, Bibi, utawameza na wale 25 walioandikwa huntha. Na 25, ujue, ni 5 mara 5. Mraba kamili!

KASA: Mraba tena! Wangekuwa 24 au 26, mraba wako ungevunjika, na jambo lao lingebaki pale pale: 2019 ndiyo sensa ya kwanza Kenya kuwapa nafasi yao. Miaka 10 nyuma karani hakuwa na pa kuwaandika. Sasa ondoka juu ya mchanga wangu. Nina mayai ya kufukia, na wanangu wakitoka wewe huulizi kama ni shufwa au witiri. Unaanza tu na wa kwanza.