Kutwa Mara Tatu, Ukoo Mzima

Katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, dawa humezwa na kila mtu isipokuwa yule aliyeandikiwa. Bibi akiandikiwa ya presha, shangazi huionja. Shangazi akipewa ya kikohozi, watoto huimaliza kwa kuwa ni tamu. Mjomba akipewa ya malaria humeza nusu, na nusu huiweka akiba, maana yeye ni mtu wa mipango. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hajaandikiwa chochote tangu alipomzaa kitinda mimba wake, hupita jioni na sahani ya visheti akiulizia kama kuna "vile vya rangi mbili" vimebaki. Akivipata havimezi. Huvifungua na kunyunyizia unga wake kwenye goti la mtoto aliyeanguka, kisha hutupa maganda kwa kuridhika.

Mimi ndiye msoma bahasha. Cheo hiki nilipewa kwa sababu niliwahi kusoma baiolojia, na hakina posho.

Bahasha yenyewe mnaijua. Pale dirishani pa duka la dawa (shangazi bado analiita "dawa baridi", ingawa maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na ubao wa duka lile umeandikwa hivyo kwa herufi kubwa) kijana huandika 1x3, 2x2, 1x1, kisha huzisoma mbio mbio: "Hii moja kutwa mara tatu, hii mbili kutwa mara mbili, hii moja usiku, umeelewa mama?" Nyuma kuna foleni, na katika foleni kuna mtu anayeguna. Anayeulizwa hujibu kuwa ameelewa. Sijapata kumsikia Mtanzania mwenye foleni mgongoni akajibu kwamba hajaelewa.

Kuelewa huanzia nyumbani, na huko huhitaji baraza. Bahasha huwekwa katikati ya mkeka. "Kutwa mara tatu baada ya kula." Swali la kwanza: nani katika nyumba hii anakula mara tatu? Bibi hunywa chai asubuhi, hula wali mchana, na usiku hupata uji akijisikia. Kwa hiyo mara ya tatu hufutwa kwa kukosa chakula. Shangazi ana fatwa yake: kutwa ni mchana, usiku dawa nayo inapumzika, basi zote tatu zimezwe kabla ya magharibi. Ukimweleza kuwa mara tatu maana yake ni kuigawa siku nzima, usiku ukiwemo, ili dawa isipungue damuni, anakuuliza kama wewe ndiye utakayemwamsha mgonjwa. Siwezi kumlaumu sana. Aliyetunga maelekezo yale alikuwa na nyumba yenye milo mitatu na saa ya ukutani inayotembea.

Mjomba ndiye aliyetuonyesha kwamba hata saa ya ukutani haisaidii. Alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto: vidonge 24, vinne kwa kila mara, mara sita ndani ya siku tatu. Vinne vya kwanza alivimeza pale pale dukani saa nne asubuhi. Akaambiwa vinne vya pili ameze baada ya saa nane, kisha vilivyobaki asubuhi na jioni. Wewe na mimi tukipiga hesabu tunafika saa kumi na mbili jioni. Mjomba alikaa barazani akiitazama simu yake, na ilipotimia saa nane na dakika moja mchana, akameza. Dakika moja ile aliiongeza kwa makusudi, maana aliambiwa *baada ya* saa nane, na yeye si mtu wa kukiuka masharti ya daktari.

Sharti jingine alilolishika barabara ni la mafuta. Mseto huingia mwilini vizuri ukimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mafuta. Maziwa au andazi linatosha. Mjomba aliliripoti sharti hili nyumbani kwa namna yake. Kwa maelezo yake, bila supu ya ng'ombe asubuhi na pilau jioni dozi ingekuwa ya bure na damu yake ingekuwa juu yetu. Tulipika. Siku ya pili jioni homa ikakata, nguvu zikarudi, akafuta midomo na kutangaza kuwa amepona. Vidonge vilivyosalia akavifunga kwenye karatasi, vimngojee mbu mwingine. Supu tuliisitisha. Haikupita muda homa ikamrudia, naye akazunguka mtaa mzima akisema mseto wa siku hizi si kitu.

Lakini hayo ya mjomba ni ya msimu. Ya Bibi ni ya kila siku, au yangepaswa kuwa ya kila siku.

Bibi ana presha, na presha yake anaijua mwenyewe bila mashine. Huijua kwa kisogo kugonga, na kisogo humgonga pale mjomba anapofanya uamuzi wowote mkubwa. Mjomba alipouza baiskeli ya marehemu babu, Bibi alimeza kidonge. Mjomba alipomleta nyumbani mchumba mwingine tena, alimeza viwili. Kipindi mjomba alipopata kibarua bandarini akatulia, Bibi alikaa miezi bila kugusa dawa, na sote tulimshukuru Mungu kwa kupona kwake.

Presha haibishi hodi. Wengi walio nayo hawasikii kichwa wala kisogo, hadi siku inapowaangusha kwa kiharusi au inapokuwa imeshachosha figo kimya kimya. Na kidonge alichopewa Bibi, amlodipini, hakikutengenezwa kwa ajili ya hasira ya siku hiyo. Hutaka kimezwe kila siku, presha ikiwa juu au imetulia, na huchukua siku kadhaa kabla nguvu yake kamili kuonekana. Wauguzi wamemweleza haya kwa zamu. Kila mmoja amejibiwa "sawa mwanangu" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Siku ya kliniki ndiyo humeza, alfajiri, ili asimwaibishe daktari.

"Shikamoo Bibi. Dawa unameza?"

"Marahaba mwanangu. Nimemeza asubuhi hii hii."

Hapo hakuna uongo hata nukta. Daktari hutazama mashine, akaona presha iko palepale, hutazama faili, akaona dawa ni ileile, na huamua kwa haki kabisa kwamba dawa imeshindwa. Anaongeza nyingine. Dawa haikushindwa, haikuitwa kazini. Kwa mwendo huo Bibi alijikusanyia vidonge vya kutosha zahanati ndogo, na siku alipoamua kuwa mtiifu ndipo mambo yalipoharibika.

Utiifu ulikuja hivi. Shangazi, akitafuta sindano ya kushonea, alikuta dawa za wiki nzima hazijaguswa, akapiga ukelele uliofika barabarani. Bibi akaona haya. Ni mwanamke asiyelala na deni: siku anazokula Ramadhani kwa maradhi huzilipa kabla Shaaban nyingine haijaisha, na dukani hana daftari. Basi akalipa na vidonge, vitatu kwa mpigo. Mchana alisimama kutoka mkekani na kukaa tena bila kukusudia. Tulipomfikisha zahanati, tabibu akatueleza kwamba dawa haina kadha. Umesahau asubuhi ukakumbuka mchana, meza hiyo moja. Umekumbuka wakati wa inayofuata umeshakaribia, iliyopita imepita, usimeze mbili. Bibi alimtazama kwa mashaka ya kidini.

Kumbe tulikuwa bado. Mwezi uleule kasha la dawa lilibadilika. Siku zote lilikuwa la bluu, safari hii likaja jekundu, lina jina jingine, na kidonge chenyewe kina umbo jingine. Bibi, ambaye sasa alikuwa ameahidi utiifu mbele ya mashahidi, alifanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya: la bluu bado alikuwa nalo, akawa anameza kimoja cha kasha la bluu na kimoja cha kasha jekundu kila siku. Miguu ikaanza kuvimba. Shangazi akaichunguza, akasema hilo ni jicho, na akamtaja jirani wa visheti. Baadaye, bila kuona mgongano wowote, akaenda kwa jirani huyohuyo kuazima vidonge viwili vya kukojoza ambavyo mumewe alibakisha. Usiku ule Bibi hakulala. Alikuwa njiani kwenda msalani au njiani kurudi.

Kesho yake nilikusanya kila kitu nikakipeleka famasi. Kila kitu kilikuwa ndani ya mfuko wa Rambo, na mifuko hiyo serikali iliipiga marufuku Juni 2019, kwa hiyo hata kabla hujasoma tarehe ya kidonge ulishajua unashughulika na kale ya aina gani. Mfamasia, binti mwenye ushungi na subira, alimwaga vyote kwenye kaunta na kuvipanga. Foleni iliguna. Hakuitazama.

Alichukua kasha la bluu na jekundu akayaweka bega kwa bega, akachomoa kalamu sikioni. "Jina hili kubwa ni la kampuni, kila moja inajipa lake," akasema, akitelezesha kalamu hadi kwenye herufi ndogo chini yake. "Dawa ni hii." Kote kuwili: amlodipini, miligramu 5. Bibi alikuwa akimeza dozi mara mbili. Na kuvimba vifundo vya miguu ni tabia ya dawa hii inayojulikana, hasa dozi ikipanda. Dawa ya kukojoza ilikuwa ni dawa ya kutibu dawa, na jirani wa watu alikuwa amesingiziwa jicho bure.

Akaendelea. Pakiti za mafua za shangazi, za majina tofauti, zote ndani yake zina parasetamoli, na juu ya hizo shangazi humeza Panadol "kwa ajili ya kichwa". Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na vya kwenye pakiti za mafua huhesabiwa humohumo. Ini halijui majina ya kampuni. Akiba ya mjomba ilikuwepo, imelowa unyevu. Vilikuwepo vidonge vyeupe visivyo na bahasha, ambavyo mimi, msoma bahasha, nilikuwa nimewahi kuvitolea maoni. "Kisicho na jina hakimezwi," akasema, akavisukuma kando na vyote vilivyopita muda wake ili viharibiwe. Vya Bibi akaviandikia karatasi moja: jina halisi, kazi yake, saa ya kumeza. Karatasi hiyo ndiyo tuliyompelekea daktari, naye, alipojua kilichokuwa kikimezwa na kisichomezwa, akapunguza badala ya kuongeza.

Nilipomrudishia Bibi dawa zake chache nikidhani atauliza kuhusu zilizoondolewa, aliuliza mfuko wake uko wapi.

Ilibaki kazi ya kumfanya ameze kila siku bila kumtegemea mjomba kumuudhi. Kengele ya simu ilishindwa. Aliizima kwa adabu, akidhani ni mtu anapiga. Kilichofaulu ni redio. Bibi hakosi taarifa ya habari ya saa moja asubuhi wala matangazo ya vifo, na hakuna mvua, mgeni wala ugomvi uliowahi kumzuia. Tuliweka kidonge juu ya redio, na bilauri ya maji pembeni. Hakuna aliyemwambia neno. Sasa mlio wa taarifa ukisikika mkono unakwenda wenyewe kwenye maji, na wakati wanaanza kutaja marehemu ameshameza. Umeme ukikatika, redio ina betri. Mjomba amekwisha acha kazi ya bandarini na juzi ameleta mchumba mpya. Bibi alimeza kimoja tu, kilekile cha saa moja, na kliniki iliyofuata muuguzi alipima mara mbili kwa kutoamini mashine.

Shangazi hajabadilika. Ameanza mfuko wake mwingine, wa kitambaa, maana anafuata sheria.

Kwa hiyo wewe mwenye bibi, mama au baba mwenye presha au sukari, kusanya kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba, hadi vile vya chini ya godoro, ukavimwage kwenye kaunta ya mfamasia na uulize kimoja kimoja, foleni igune hadi ichoke. Na siku ukipita Ngamiani, kichwa kikikuuma ukiwa kwetu, mwambie Bibi, niambie mimi, mwambie hata mjomba. Shangazi usimwambie.