Kamba Ilitikisika

Jumamosi. Leo nimekuwa mwamuzi. Sikuomba. Nilipita uwanjani nikimtafuta mbuzi wangu, wakasema mzee mwenye miwani ataona vizuri. Miwani ni ya kusomea.

Vijana wa juu ya mfereji walishindana kuruka na vijana wa chini. Si mashindano yale makubwa ya Sidai Oleng, hapa hapa Kimana, ambayo yalianza 2012 ili morani watafute medali badala ya kumwinda simba, na mlezi wake ni David Rudisha. Yetu yalikuwa ya kreti moja ya soda. Ila kanuni tuliiazima huko: kamba inafungwa juu, kijana anaruka wima, kichwa kiguse kamba. Ikiguswa, inapandishwa. Mwamuzi anatazama kamba tu. Kazi nyepesi, waliniambia.

Mruko wa mwisho ulikuwa wa kijana wa juu. Alipojikusanya, lori la nyanya likapita barabara ya Oloitokitok na vumbi likatufunika. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kamba inatikisika. Nikainua mkono: imeguswa. Wa chini wakasema ni upepo wa lori. Mbuzi alipatikana saa mbili usiku, ndani ya kabichi za jirani.

Jumapili. Baada ya ibada nilizungukwa. Sasa hoja si upepo, ni nywele. Kijana amesuka nywele ndefu, akazifunga juu, na wa chini wanadai kilichogusa ni fundo la nywele. Yamezuka madhehebu mawili. Moja linasema nywele si kichwa, maana kinyozi hajawahi kushtakiwa kwa mauaji. La pili linauliza: ukivutwa nywele, kinachouma ni goti?

Ikapendekezwa kamba ikaguliwe, maana nywele zile zilipakwa udongo mwekundu na lazima ziliacha alama. Kamba ikaletwa kwa heshima zote, imeviringishwa kwenye kijiti. Ni kamba nyekundu.

Jumatatu. Zamu yangu ya maji ni saa kumi na moja alfajiri. Nilifika na jembe. Mfereji ulikuwa mkavu. Mgawa maji ana shamba upande wa chini. Akaniambia maji yamepita tayari, pengine sikuyaona. Akarudia hilo neno, sikuyaona. Vitunguu vyangu vina siku nne bila maji, navyo havikuwa hata uwanjani.

Jumanne. Siku ya soko. Nilipanga foleni kwa wakala wa pesa dakika arobaini, kwa kuwa waliokuwa mbele walikuwa wakirukaruka kuonyeshana ilivyokuwa. Mmoja aligonga kichwa kwenye bati la kibanda. Wote walikubaliana kwamba hapo, angalau, kichwa kiligusa. Mtandao ukakatika nilipofika dirishani.

Dalali wangu wa nyanya naye alikuwa na maoni. Alikaa juu ya kreti zangu tatu akieleza kwamba mwamuzi makini hutazama kamba kutoka ubavuni, si kutoka chini. Alieleza kwa kina. Alipoinuka, bei ilikuwa imeshuka, na kreti ya juu pia.

Jumatano. Nilienda kunyolewa. Kinyozi ni wa juu, kwa hiyo alikataa pesa yangu na kunipa mkono mbele ya wateja. Mteja wa pili alikuwa wa chini. Wakaanza. Nilinyolewa upande mmoja tu. Nimevaa kofia tangu hapo, na kuna wanaosema najificha.

Alhamisi. Mpwa wangu aliye Marekani alipata habari, sijui kwa njia gani, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Ulimaliza bando. Ananifariji kwa besiboli. Anasema tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Akimtoa wa 27, anaingia katika orodha fupi sana ya historia ya mchezo huo. Yule wa 27 alipiga, akakimbia, mpira ukamtangulia. Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono: amefika salama. Uwanja ukashika kichwa.

Baada ya mchezo Joyce alitazama picha, akasema amekosea, akaomba radhi. Kesho yake Galarraga mwenyewe alimletea karatasi ya majina ya wachezaji uwanjani, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya watu. Uamuzi haukubadilishwa. Galarraga alizawadiwa gari aina ya Corvette. Kuhusu zawadi ya mwamuzi, mpwa wangu hakusema lolote.

Nimemsikiliza mara mbili. Joyce alikosea macho yakiwa wazi. Hilo naliandika hapa tu, msomaji wangu, kwa kuwa wewe na mimi tunaelewana.

Ijumaa. Kumeundwa kamati ya rufaa. Ilikaa chini ya mgunga kuanzia saa nne. Mwenyekiti alikuja saa saba. Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba mruko urudiwe, pasiwe na lori. Ndipo ikafahamika kwamba kijana amekwenda na ng'ombe malishoni, hana simu, na hajui kwamba kuna mgogoro.

Ikapendekezwa basi tuzo izuiliwe mpaka arudi. Soda zilinywewa Jumamosi ile ile, na pande zote mbili. Chupa 24 tupu hazijarudishwa dukani, na kwenye daftari la deni limeandikwa jina la mwamuzi.