Mkia wa Ndege Chumbani kwa Bibi

Kiangazi cha mwaka 1902, hapa hapa Dayton, Ohio, Katharine Wright alimwandikia baba yake barua kuwashtaki kaka zake. Wilbur alikuwa akizungusha cherehani saa baada ya saa, Orville amechuchumaa chini akitia alama pa kushona, na ndani ya nyumba hapakubaki pa kuishi. Kitambaa kile kilikuwa cha mabawa ya chombo chao kisicho na injini, mwaka mmoja kabla ya kile chenye injini. Wengi wakisimulia historia ya ndege huiruka barua hiyo ili wafike upesi Kitty Hawk na Desemba 17, 1903. Mimi hukaa nayo. Katharine alikuwa mwalimu wa Kilatini, mtu mwenye kazi zake, na sebule yake ilikuwa imegeuzwa karakana. Namwelewa mwanamke huyo, na nadhani alistahili kutajwa mara nyingi zaidi.

Kwetu hakuna cherehani. Kuna kompresa. Mume wangu, mtu wa Tanga, mchana hutengeneza mashine za hospitali, na usiku anaunda ndege kwenye gereji yetu. Ni ndege ya kweli, RV-9A ya viti viwili, ya mabati ya alumini, inayouzwa vipande vipande na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon aliyoianzisha Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege za ukoo wa RV zilizokwisha kuruka zinapita 10,000, na nyingi zimeundwa na watu wa aina yetu, nyuma ya milango ya gereji. Unaagiza mkia kwanza, halafu mabawa, halafu kiwiliwili, mwisho vile vya kumalizia. Ni utaratibu wa busara. Mkia ni mdogo, bei yake inavumilika, na nyumba inapata nafasi ya kujijua kabla fedha kubwa hazijatoka.

Sanduku la mkia lilipoingia gereji, gari lilitoka, na halijarudi tena. Theluji ya kwanza ilipoanguka nilikuwa nje kabla ya alfajiri nikikwangua barafu kwenye kioo huku ndani ya gereji mabati yamelala pakavu, yamefunikwa karatasi ya plastiki ya bluu. Hiyo plastiki ndiyo iliyowavuta watoto. Kuibandua ni raha kwao, na inabidi ibanduliwe kwa mistari tu, pale penye matundu, ili bati lisikwaruzwe kwingine. Wetu wa mwisho alibandua bati zima la usukani wa mkia, akaivaa ile plastiki na kuzunguka nayo mtaani.

Halafu chenga. Kila tundu la ribiti husafishwa kingo zake pande zote mbili, kwa sababu ukucha mdogo wa bati ulioachwa kwenye kingo ndio mwanzo wa ufa miaka ishirini baadaye. Ribiti za ndege hii ni zaidi ya 10,000, na kila moja hupita kwenye mabati mawili au zaidi. Piga hesabu ya kingo mwenyewe. Chenga zake zilituingia kwenye soksi, kwenye mazulia, kwenye mashine ya kufulia, hata kwenye mkeka wa kuswalia. Tulikubaliana kwamba hakuna anayevuka mlango wa gereji na viatu vya gerejini, na mume wangu ndiye aliyeilinda amri hiyo kuliko sisi sote.

Mkia ulipokamilika, haukuwa na pa kukaa. Gereji ilikuwa inasubiri mabawa. Kile kipande cha ulalo, chenye urefu wa karibu mita tatu, tulikitundika ukutani kwenye chumba cha wageni, juu ya kitanda, kwa mikanda ya turubai. Ndipo mama mkwe, Bibi wa watoto, alipopata viza.

Alishuka Dayton na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitu vya jikoni: hiliki, mdalasini, ukwaju uliofungwa kwa ustadi. Alipooneshwa chumba, aliutazama mkia kwa muda mrefu, akaugonga kwa kidole, akamuuliza mwanawe, "Umefungwa vizuri?"

"Umefungwa, mama."

"Basi." Akavua viatu, akalala chini yake usingizi wa safari.

Mabawa ndiyo yenye matangi ya mafuta, na tangi ni la kuundwa pia. Kila mbavu ya ndani na kila ribiti hupakwa gundi maalumu ya kuzuia mafuta yasivuje. Inakuja katika sehemu mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, na huchanganywa kwa uzito, kumi kwa moja. Mizani yangu ya jikoni iliondoka siku hiyo. Ikishachanganywa inakuwa uji mzito wenye giza, unanuka yai viza, unanata kwenye kila kitu isipokuwa pale ulipotaka unate, na baada ya saa mbili hivi unaanza kukataa kazi. Baridi huuchelewesha. Kwa hiyo waundaji wa ndege hutia uliobaki kwenye friza ili uwafae baadaye, na mume wangu aliuweka kwenye kopo dogo lenye kifuniko, kando ya nguru.

Siku ya pili Bibi alitaka kutupikia samaki wa kupaka. Alitoa nguru, akaliona kopo, akalifungua akaona kitu cheusi kizito kilichoganda. Kijiko kikaingia. Nilikuwa juu nikikunja nguo nikasikia, "Yarabi! Ukwaju gani huu?" Harufu ilinifikia kwenye ngazi. Nilimkuta amesimama katikati ya jiko, kijiko kimenata kwenye kopo, kopo limenata kwenye kanga, na yeye amekiinua kitu kizima mbali na uso wake, akiwa mtulivu kabisa. Chakula hakikuguswa, namshukuru Mungu, maana gundi ile si ya kuchezea. Kanga ilikatwa pindo. Kuanzia jioni hiyo ndege ina friza yake, ndogo, ya mitumba, ndani ya gereji, na nguru hana jirani. Laiti kila anayeleta kazi ya namna hii nyumbani angenunua hiyo friza kabla ya drili.

Tangi likishafungwa hupimwa. Unaziba matundu yote, unalijaza upepo kidogo tu, na kwenye bomba la kupumulia unafunga puto la watoto. Puto lina kazi mbili: linazuia upepo usizidi ukapasua kazi yako, na linakuonesha kama upepo unatoroka. Puto letu lilikuwa la waridi, limebaki kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya binti yetu. Usiku, kabla ya kulala, lilikuwa limetuna vizuri. Saa tisa usiku mume wangu alikwenda kulitazama, akarudi amenyong'onyea: limelegea. Tukashuka wote na povu la sabuni, tukapaka mshono kwa mshono, mimi na koti juu ya nguo ya kulalia. Hakuna hata kipovu kimoja. Asubuhi jua likapiga mlango wa gereji, na puto likatuna tena lenyewe. Upepo ulikuwa ndani muda wote; ulikuwa umenywea kwa baridi tu. Binti yetu, ambaye mwaka huo alikuwa anasoma habari za gesi shuleni, alituchorea mchoro mezani na kutueleza, na baba yake alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

Lakini kiini cha ndege hii ni kupiga ribiti, na ribiti haipigwi na mtu mmoja. Ziko chache unazoweza kuzibana peke yako, zilizo ukingoni. Bawa linataka wawili. Yeye yuko nje na bunduki ya ribiti inayosukumwa na upepo. Mimi mkono wangu umezama ndani ya bawa, umeshika kipande cha chuma kizito chenye uso laini. Kichwa cha ribiti kiko kwake, ncha iko kwangu. Bunduki inagonga, chuma changu kinasimama imara, na ncha inapondeka mpaka inatanuka. Kipimo kinajulikana: upana uwe mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo nusu ya kipenyo. Kwa ribiti zetu ndogo, hiyo ni upana wa milimita 3.6 na kimo cha milimita 1.2. Naupapasa kwa kidole kabla ya kuupima, na kidole changu sasa kinajua. Hatuonani. Bati liko kati yetu, masikioni tumevaa vizibo, na tunategemea neno moja. Nikisema "Nipo", anapiga. Nisiposema, hapigi.

Bibi alizoea kuja na kiti chake akakaa pale gerejini jioni, naye amevaa vizibo vyake. Jioni moja simu yake ililia, akavua kizibo kimoja. Dada yake, Tanga. Sikuisikia simu. Alilosema mdogo mtu huko Tanga ni lile linalosemwa kila siku: "Dada, upo?" Na Bibi, kwa furaha na kwa sauti ya kutosha kuvuka bahari, akaitika, "Nipo!"

Bunduki ikapiga. Chuma changu kilikuwa bado kinatafuta ncha. Bati likabonyea kuizunguka ribiti, bonde dogo la ukubwa wa shilingi, upande wa juu wa bawa la kushoto.

Hakuna aliyegomba. Mume wangu aliitoa ribiti ile inavyotolewa: tundu jembamba katikati ya kichwa, kichwa kikavunjwa, kigogo kikasukumwa nje, ikaingia nyingine. Bonde likabaki. Mzee mmoja wa chama cha waundaji ndege, ambaye hujitolea kukagua kazi za wenzake bila malipo, alilipitishia kidole akasema nguvu ya bawa haikupungua hata kidogo, hiyo ni sura tu. Mume wangu alitaka kuagiza bati jipya. Nilimwambia libaki lilivyo, na nikalishikilia neno langu.

Neno la kazi tulilibadilisha usiku ule ule. Siku hizi nasema "Chuma!", ambalo hakuna anayeitikia simu kwalo. Na Bibi, badala ya kujitenga, alikunja mikono ya gauni akasema, "Nipeni mimi hicho chuma." Mkono wake ni mwembamba kuliko wangu. Ulifika nyuma ya mbavu za mwisho, karibu na ncha ya bawa, ambako mimi nilikuwa nikihangaika mpaka bega linakufa ganzi. Alikuwa na sikio pia. Chuma kikikaa upande, mlio hubadilika, na yeye alikuwa akimsimamisha mwanawe kwa ukali kabla hata ya ribiti kuharibika.

Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ya ndege ya namna hii ifanywe na watu wasiolipwa, kwa kujifunza au kwa kujiburudisha. Mkaguzi atataka kumbukumbu zenye picha. Daftari letu lina picha ya Bibi, kanga kiunoni, vizibo masikioni, mkono ndani ya bawa hadi kwapani. Kazi ile imo katika hesabu ya serikali, na naona fahari kubwa kwamba imo. Daftari lile lina jambo ambalo hadithi za mwanamume na ndege yake hulikosa.

Bibi amerudi Tanga. Mabawa yamesimama kwenye fremu ya mbao, kiwiliwili kimeagizwa. Ndege ikishapita ukaguzi itaanza kipindi cha majaribio, saa 25 au 40 kutegemea injini na rafadha, na katika saa hizo hairuhusiwi kubeba abiria. Nilimweleza hayo kwa simu.

"Zikiisha mniambie," akasema. "Kiti cha pili ni changu."

"Mama, mimi nimo kwenye foleni tangu mkia."

"Foleni, mwanangu, huanza na mkubwa."