Sahani ya Dakika Kumi

Desemba ya Gusii haiji na Krismasi peke yake. Inakuja na vijana waliotoka jandoni, harusi zilizokuwa zikisubiri watu wa Nairobi wapate likizo, mahafali, na enyangi, yaani ndoa za kimila, za watu walioishi pamoja hadi wakapata wajukuu. Mazishi nayo hayana msimu. Ukitoka Keroka hadi Suneka, kila ukikata kona unakutana na hema jeupe na spika inayomwomba mtu fulani aondoe gari lake njiani. Mimi sina ugomvi na sherehe. Nyama naila, na nikiongezwa soda sikatai. Ugomvi wangu ni na asubuhi inayofuata.

Asubuhi hiyo MC ameshaondoka na bahasha yake, wapambaji wamebeba maua yao ya bandia, kamati imezima simu kwa sababu ya deni la hema, na boma limeachiwa sisi majirani tunaoamka mapema. Nyasi hazionekani. Kuna sahani nyeupe za povu, vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa, vijiko vilivyovunjika mikia, chupa za maji zilizonywewa nusu, puto zilizonywea, na vile vikaratasi vya kumetameta wanavyorushiwa maharusi, ambavyo hakuna fagio lililowahi kuvishinda. Upepo ukianza, vikombe vinateremka bondeni kimoja kimoja. Kuku wanadonoa povu wakidhani ni wali. Ndama wa jirani anatafuna utepe wa zawadi, na kipande kilichobaki kinaning'inia mdomoni mwake.

Hebu tuichukue sahani moja tu. Imetoka kiwandani, ikapakiwa kwenye lori, ikafika Kisii mjini, ikanunuliwa kwa dazeni, ikapandishwa mlima kwa bodaboda. Kazi yake yote duniani ni kubeba pilau, kabeji na vipande viwili vya nyama kwa dakika kumi. Na hiyo kazi ndogo inaishinda, kwa maana mchuzi ukiwa mwingi inapinda katikati na kukumwagia kwenye suti ya pekee uliyo nayo. Baada ya hapo imestaafu. Itakaa ardhini muda mrefu kuliko ndoa yenyewe itakavyodumu, na hapo siwaombei maharusi mabaya.

Juzi kamati ya harusi ya ukoo wetu ilikaa, na mpwa wangu aliyesomea ubunifu huko Nairobi akaja na kompyuta yake.

"Mjomba," akaniambia mbele ya wazee, "mkipanga mapema, hakuna takataka. Kila kitu mnachonunua kina kazi nyingine baada ya sherehe."

Mwekahazina, mama asiyependa hadithi ndefu, akamuuliza kwanza ametoa mchango wa kiasi gani. Kijana akakohoa, akafungua picha.

Picha, nakubali, zilikuwa nzuri. Alituonyesha kazi ya Nzambi Matee, mhandisi wa Nairobi aliyeanzisha Gjenge Makers, anayechanganya plastiki iliyotupwa na mchanga, kisha huvipasha moto na kuvikandamiza hadi viwe matofali ya kutandika sakafu za nje. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilimtuza mwaka 2020. Akatuonyesha na Flipflopi, dau lililojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya ndara za rangi zote. Lilishushwa majini mwaka 2018, mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Victoria kuwahubiria watu kuhusu plastiki. Kamati ikapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama dau hilo linaweza kufika Nyamira.

Haliwezi. Lakini vikombe vyetu vinaweza kulifuata. Mto Gucha unaanzia huku juu, milima ya Kiabonyoru, unapita Kisii, unapita Migori, unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Kikombe kilichoteremka bondeni Jumapili asubuhi hakihitaji nauli.

Wazee wakaona mambo yamekwisha: tule, tutupe, kisha mtu wa matofali aje abebe. Hapo ndipo niliposimama, maana mimi ndiye ninayebaki na vitu hivi na navijua tabia. Chupa ya maji ina wenyewe. Kabla hata hotuba ya baba mkwe haijaisha, kuna watoto wanazunguka na magunia wakikusanya, kwa sababu yupo mnunuzi wa kilo. Na kabla ya mnunuzi wa kilo yupo mama wa mafuta ya kupima, yupo muuza maziwa, yupo mchumaji chai anayebeba uji kwenda shambani. Chupa ya nusu lita huku Nyamira inaweza kufanya kazi tatu kabla ya kuitwa takataka, na hakuna semina iliyofanywa.

Sahani ya povu haina ndugu. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za povu lile ni hewa. Gunia zima ukilipandisha kwenye mizani, mshale hausogei, na sijaona mfanyabiashara wa soko la Daraja Mbili anayenunua hewa kwa kilo. Ile ya karatasi, ambayo wasomi huinunua wakijiona wameokoa dunia, mara nyingi imepakwa utando mwembamba wa plastiki ili isilowe. Sasa si karatasi wala si plastiki, na ikishapakwa mchuzi hakuna kiwanda kinachoitaka. Kwa hiyo inachomwa. Moshi unaingia nyumbani kwangu, unakaa kwenye mapazia hadi Jumatano.

Bango ni habari nyingine, na hapa lazima niwasifu watu wangu. Lile bango kubwa la "Hongera" lenye picha ya mhitimu, lililogharimu zaidi ya mbuzi, halilali boma la mtu wa Gusii hata siku moja bila kazi. Linaezeka banda la kuku, linafunika kuni, linatandikwa uani kuanikiwa mahindi. Kuna boma ninalolipita kila siku ambako wimbi hukauka juu ya uso wa mwaniaji mmoja wa udiwani. Alishindwa uchaguzi, lakini angalau anatumikia wananchi. Mpwa wangu aliposikia hayo akaandika haraka haraka kwenye kompyuta. Nikamwambia asihangaike, ule ubunifu ulifanywa na mama aliyeona mawingu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hapa tulipo ndipo sahani zinapochimbwa. Nenda Tabaka uone. Mawe ya sabuni yanatoka ardhini meupe na ya waridi, mafundi wanayachonga, wanayalainisha kwa msasa majini, wanayatia nakshi za twiga, kisha bakuli na sahani zinafungwa kwenye makasha na kwenda Ulaya na Marekani. Mzungu anakula karanga kwenye sahani ya Kisii. Mkisii anakula pilau kwenye povu. Sisemi tulete sahani za mawe kwenye harusi ya watu mia nne, hakuna meza ya kukodi itakayostahimili, na wageni wetu wakikasirishwa na hotuba ningependa wawe wameshika kitu chepesi. Nasema tu inauma.

Na migomba je? Mgomba huzaa mkungu mmoja, ukikatwa mkungu shina halina kazi tena. Kisii nzima imejaa mashina hayo. Nchini Uganda, wilayani Mukono, kampuni ya TEXFAD iliyoanzishwa na Kimani Muturi inachambua nyuzi za mashina ya migomba na kufuma mazulia na hata nywele za kusukia. India hukandamiza magamba ya mpopoo kwa moto yawe sahani, ukimaliza kula unaitupa shambani inaoza. Sisi tunawalisha ng'ombe mashina, jambo zuri, kisha tunatuma bodaboda mjini kununua sahani ya plastiki, tuilete tule juu yake hapo hapo kivulini mwa mgomba. Jani lenyewe linatutazama.

Serikali imejaribu. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Matokeo yake kwenye sherehe zetu ni kwamba nyama ya kubebea watoto nyumbani sasa husafiri ndani ya mkoba, ubavuni mwa Biblia, imefungwa kwa leso. Kisha Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa kwenye mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Simba wa mbugani akawa analindwa dhidi ya kijiko cha plastiki. Mbuzi wa Nyamaiya hana mtetezi. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kusimamia taka, inayotutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza. Kwenye sherehe yetu tuna ndoo moja, na ndani yake kuna mtoto amejificha.

Wazee, waliposikia sheria zikitajwa, wakaanza kukumbuka enzi zao. Obokima, yaani ugali, ililetwa ndani ya ekee, kile kikapu cha kusukwa, na kikapu kilirudi jikoni kikasubiri kesho. Pombe ilinywewa kwenye chungu kimoja kwa mirija mirefu, na mzee wa heshima alikuja na mrija wake akaondoka nao. Ni kweli. Lakini hao wanaoililia ekee sijawahi kumwona hata mmoja wao akiiosha. Povu lilipendwa kwa sababu liliwaokoa akina mama na mabinti kutokana na mlima wa vyombo saa nne za usiku, na mtu asiyetaja jambo hilo asitupotezee muda.

Jibu lenyewe lilikuwa limekaa mbele yetu, likitaka kujua mchango. Chama cha mwekahazina kina sahani ngumu mamia, zimepangwa kwenye magunia, kila moja imetiwa tone la rangi ya kucha nyekundu nyuma ili isichanganyike na za chama cha ng'ambo ya mto. Huzikodisha kwenye matanga na harusi, pamoja na sufuria na vikombe. Zikirudi zinahesabiwa, na iliyopotea inakatwa kwenye pesa za dhamana. Kuna sahani pale zilizohudumu kwenye ubatizo wa mtu, harusi yake, na mazishi ya baba yake. Mpwa wangu aliangalia lile tone jekundu kwa muda mrefu, kisha akafunga kompyuta.

Basi tukapiga hesabu. Pesa za povu, vikombe na vijiko zikahamishiwa kwa chama, na zilizobaki zikatengwa kuwalipa waoshaji, wavulana na wasichana, kwa siku hiyo hiyo na si kwa ahadi. Maji yatatoka kwenye jagi na mapipa. Puto zilipigiwa kura zikashindwa, ingawa mama wa bibi harusi bado hatusalimii vizuri.

Kwa hiyo kamati zote za Desemba, za Kisii na za Nyamira, nawaomba: kabla hamjatuma mtu mjini na orodha, piteni kwa akina mama wa chama cha hapo kwenu. Na wewe uliyekwisha kununua lile furushi jeupe, mimi nitakuja hata hivyo, lakini nakuja na sahani yangu na kijiko changu, na usiniulize kwa nini napakuliwa mara mbili.