Mdomo Mkubwa, Tumbo Lilelile

Jirani yangu ameifungia Subaru yake ya turbo nozeli za mafuta za mililita 1,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, injini ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 300 hutosheka na za mililita 600 hivi, tena ikabaki akiba ya asilimia 20. Lakini hesabu haina mlio. Pampu ni ileile ya kiwandani, na kompyuta ya gari haijaarifiwa kwamba kuna mgeni. Basi plagi zimelowa, moshi mweusi tele, gari linazimika kwenye kila taa nyekundu. Mwenyewe anajigamba: "Sasa linapumua!" Kweli, jirani; hata mgonjwa mahututi hupumua. Wa kituo cha petroli anakuombea maisha marefu.